Kola Mia Mbili, Mashati Kumi na Moja

Kila asubuhi Bibi ndiye aliyefungua mlango wa karakana. Ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba yao. Hapo familia ilishona sare za shule. Bibi alikata vitambaa. Mwanawe mkubwa, Fundi, alishona kola. Mkewe Fundi, Mama Pacha, aliunganisha mashati. Mdogo wake Fundi alitoboa matundu na kutia vifungo. Sindano zilikuwa zimemchoma sana, basi wakamwita Kidole.

Mwezi uliopita Fundi alinunua cherehani ya kompyuta. Ukibonyeza kitufe, kola inashonwa kufumba na kufumbua. Fundi aliifuta vumbi kila saa.

"Ungenifuta mimi hivyo hata mara moja!" Mama Pacha alimtania.

Jumatano mwalimu mkuu alikuja kuangalia mashati mia moja aliyoagiza.

"Yamekwisha mangapi?" aliuliza.

"Kumi na moja," Kidole alijibu kwa sauti ndogo.

"Na rundo hili?"

"Kola mia mbili!" Fundi alisema kwa fahari.

"Sasa, watoto wangu watavaa kola peke yake?" mwalimu mkuu aliuliza. "Shule inafunguliwa Jumatatu. Ijumaa mchana nisipopata mashati, nitatafuta mafundi wengine."

Alipoondoka, Fundi alimgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye unayetuchelewesha! Mkono wako mzito."

Kidole aliweka mkasi mezani, akatoka nje.

Mama Pacha aliona mambo yanaharibika. Alikwenda nyumba ya pili kumwita Dada Spana. Huyu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha ndoo.

"Shikamoo, mama," Dada Spana alimsalimu Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Tuangalizie mashine yetu."

Dada Spana hakuigusa mashine. Alimwita Kidole arudi, akawaomba wote wafanye kazi kama kawaida. Akasimama kando, akatazama.

"Mashine ni nzima," alisema mwishowe. "Tatizo ni kwamba kila mtu anakimbia peke yake. Kidole, wewe unakwama wapi?"

"Matundu ya vifungo," Kidole alisema. "Nayashona kwa mkono, moja moja. Kila shati matundu saba."

Dada Spana alifungua kitabu cha mashine. "Fundi, umesoma hapa? Mashine hii inashona matundu pia."

Fundi alishika kichwa. "Nilisoma ukurasa wa kola tu! Kidole, mbona hukuniambia unateseka?"

"Hukuniuliza, kaka. Tena ulikataza mashine yako isiguswe."

Fundi aliona haya. "Nisamehe, mdogo wangu. Njoo ukae hapa."

Dada Spana aliomba mabeseni matatu, akayaweka katikati ya meza zao.

"Kila beseni ni la vipande kumi, vya saizi moja," alieleza. "Beseni lililo mbele yako likijaa, acha kushona. Nenda kamsaidie anayefuata."

"Niache mashine ikae bure?" Fundi alishangaa.

"Ikae. Tunataka shati zima, siyo rundo. Na kila asubuhi, kabla ya kuanza, simameni pamoja dakika tano. Kila mtu aseme kinachomkwamisha."

Walianza saa ile ile. Kidole alishona matundu kwa mashine. Fundi alitia vifungo kwa mkono, akachomwa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Kidole alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ijumaa mchana mwalimu mkuu alihesabu mashati mia moja, yote yamepigwa pasi.

Jumatatu walisimama tena pamoja. Mama Pacha alisema uzi mweupe unakaribia kwisha. Kisha wakamtazama Bibi.

"Mimi sina neno," alisema.

"Sema tu, mama," Mama Pacha alimbembeleza.

Bibi alishika tepu yake shingoni. "Macho yangu. Kule kwenye kona ya giza sioni mstari wa chaki. Nakata kwa kupapasa."

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Niliona mna kazi nyingi."

Fundi alishika meza ya kukatia upande mmoja, Kidole akashika upande wa pili. Waliibeba hadi dirishani. Mama Pacha akaleta chaki nyekundu.

Bibi alitandaza kitambaa kwenye mwanga. Alichora mstari mmoja mrefu, akautazama, akatabasamu.

"Kumbe," alisema, "bado naweza kunyoosha."