Boti ya Saa Tisini na Boti ya Daftari

Kila asubuhi, kabla jua halijakaza, Nahodha alikuwa akivusha watoto kumi na wanne kwenda shule ng'ambo ya ziwa. Nahodha ni jina la utani tu. Majirani walimpa siku aliponunua boti yake ya kwanza, likamganda. Mumewe ni mshonaji. Chumba chao cha mbele kina cherehani mbili, vitambaa mpaka chini ya kiti, na sindano zinazokungoja ukae vibaya.

Mwezi uliopita boti yao kuukuu ilizima katikati ya maji. Watoto wote walikuwa ndani. Nahodha alivuta kamba ya injini mpaka mkono ukafa ganzi. Walielea saa nzima, wadogo wanalia, mpaka boti nyingine ikaja kuwakokota. Hakuna aliyeumia, Mungu alisaidia. Lakini kesho yake mama wa mapacha alikuja mlangoni.

"Dada, sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila wanangu hawapandi tena boti yako. Labda siku nikikuamini."

Na wengine wakafuata. Kuzunguka ziwa kwa miguu ni nusu siku, kwa hiyo watoto wakabaki nyumbani. Nahodha aliwaona wakicheza danadana saa za masomo, na roho ilimuuma.

Injini ya zamani ilikuwa imekwisha kabisa. Ikabidi watafute boti nyingine iliyotumika. Mumewe akatangulia kwenda kutazama. Alirudi anachekacheka.

"Nimeipata! Nyeupe pee! Mishono ya viti imenyooka, hata mimi ningeona wivu. Na imetembea saa tisini tu!"

"Saa? Boti inahesabiwa kwa saa?"

"Gari kilomita, boti saa ambazo injini imenguruma. Mwenyewe kaniambia."

"Sasa mbona kaitumia kidogo hivyo?"

Mumewe alikohoa. Hilo hakuuliza. Alichofanya ni kuchukua vipimo vya boti kwa futi yake ya kushonea. Siku mbili baadaye alikuwa amemaliza kushona turubai la kuwakinga watoto na jua, lenye pindo jekundu. Boti yenyewe bado ya watu!

Nahodha hakutulia. Alikwenda kwa jirani yao, fundi wa injini za boti. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, na watu wanamwita Grisi kwa sababu ya mikono yake.

"Nitakusindikiza, mama," alisema Grisi. "Lakini mwambie mwenye boti asiiwashe kabla hatujafika."

"Kwa nini?"

"Tukifika utaona."

Walipofika wote watatu, mshonaji naye na turubai lake, mwenye boti aliwapokea kwa bashasha. Boti ilikuwa imefungwa gatini, inang'aa. Grisi hakuitazama rangi. Alifungua kifuniko cha injini akaweka kiganja juu ya chuma.

"Ina moto," alisema.

"Nimeipasha kidogo tu," mwenye boti alijibu, "wageni wasipate taabu."

"Ahsante. Basi tutakaa mpaka ipoe."

Mwenye boti alitazama saa yake. Nahodha akasogea karibu na Grisi, akanong'ona, "Moto una ubaya gani?"

"Injini ikiwa na moto huwaka kirahisi, hata ile mgonjwa. Asubuhi, ikiwa baridi, ndipo inasema ukweli. Na wewe unaondoka asubuhi."

Walikaa hapo karibu saa mbili nzima. Grisi hakupoteza muda. Aligonga ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, kwa mpini wa bisibisi. Pembeni ulilia ko, ko. Katikati ulilia bu, bu.

"Gonga wewe," alimwambia mshonaji. Mshonaji akagonga. Uso ukamshuka kidogo.

"Hapa maji yameingia, mbao inaoza ndani," Grisi alieleza. Kisha akalegeza skrubu ya chini, karibu na panga la injini linalosukuma maji. Ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa.

"Mbona nyeupe?" Nahodha aliuliza upesi.

"Imechanganyika na maji. Nayo yakikaa humo, meno ya giya yanalika."

Injini ilipopoa, mwenye boti alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Mara ya kumi na nne ndipo ikakohoa na kuwaka. Grisi akawaonyesha tundu dogo ubavuni.

"Hapo injini hukojoa. Pampu inavuta maji ya kupoza, mengine yanatokea hapo. Yanatakiwa yaruke kwa nguvu."

Yalitoka kama uzi wa kushonea. Nahodha alikumbuka injini yake ya zamani. Nayo ilikojoa hivyo hivyo wiki ile ilipozima, na yeye hakujua maana yake. 

"Lakini ni saa tisini tu!" mshonaji alilalamika.

"Bwana, ile cherehani uliyoifungia stoo miaka miwili, ulipoitoa ilishona?"

"Wapi! Oili iligeuka gundi. Na mkanda ulikatika."

"Ilikuwa imeshona sana?"

"Hata gauni moja..."  Mshonaji akamgeukia mwenye boti. "Hii imekaa muda gani bila kuwashwa?"

"Miaka mitatu," alijibu yule bwana, macho chini. "Na kabla ya hapo ilikuwa baharini."

"Chumvi, halafu kukaa," alisema Grisi. "Mpira wa pampu umekauka. Inatengenezeka, sikatai. Lakini lazima ifunguliwe yote, na sijui tutakuta nini ndani."

Waliaga kwa adabu. Njiani mshonaji alitembea nyuma, turubai lake begani.

Boti ya pili ilikuwa ya mzee msafirisha mboga aliyekuwa anastaafu. Jamani, ilikuwa mbaya! Rangi imebanduka, ubavuni viraka vitatu, na fupi kuliko ile nyeupe. Injini yake ilikuwa imenguruma saa elfu moja na mia nne.

"Hii ni rika la babu yangu!" mshonaji alisema.

Mzee hakukasirika. Alitoa daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kila oili iliyobadilishwa ilikuwa na tarehe na saa za injini. Pampu ilibadilishwa kila mwaka.

"Na ina ugonjwa mmoja," mzee aliongeza. "Giya ya nyuma inagoma."

Grisi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni kebo imelegea. Dakika kumi tu."

Nahodha ndiye aliyeweka kiganja juu ya chuma. Baridi. Akavuta kamba, mara mbili tu, ikawaka. Maji yakaruka kutoka ubavuni mpaka yakamlowesha mumewe suruali. Akagonga ubao wa nyuma: ko, ko, kote. Akalegeza skrubu mwenyewe, na oili ikatoka safi.

"Na hii injini haichanganyiwi oili kwenye petroli kama ile yangu ya zamani?" alimuuliza Grisi.

"Hapana. Ina oili yake, kama ya gari. Injini kama hii ni nzito zaidi, lakini inakula mafuta kidogo, na kwa safari za kila siku inakufaa. Usisahau tu kuipima oili kila asubuhi."

Mwisho walipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watoto kumi na wanne, wakavuka ziwa kwenda na kurudi. Injini haikutetereka. Wakaichukua, pamoja na daftari.

Turubai lilizidi kwa mkono mzima. Mshonaji alitaka kulikata, Nahodha akamzuia. Sehemu iliyozidi ilining'inia nyuma, ikawakinga watoto waliokaa mwisho na manyunyu.

Nahodha aliita wazazi wote na watoto wao gatini. Aliwavalisha watoto maboya, akawaonyesha wazazi daftari, jinsi ya kupima injini kwa kiganja, na tundu la maji. Mama wa mapacha alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

Kesho yake alfajiri alikuja na mapacha, mikoba mgongoni. Hakusalimia kwanza. Aliingia botini, akafungua kifuniko, akaweka kiganja juu ya injini. Akakiacha hapo kwa muda.

"Baridi," alisema. "Haya dada, iwashe nione."

Nahodha alivuta kamba mara mbili. Maji yaliporuka ubavuni, mama yule aliwanyanyua wanawe mmoja mmoja, akawakalisha mbele.