Hati Mbili za Nyumba ya Isenga

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya tarehe 9 Februari 2013, Getruda aliteremka kwenye Fuso iliyobeba vitanda vyake, akachomeka ufunguo kwenye kitasa cha nyumba aliyoinunua. Ufunguo ukagoma. Kilikuwa kitasa kingine, na ndani mtoto alikuwa analia.

Miaka kumi na tisa alikuwa wakala wa forodha Tunduma, na honi za malori zilikuwa zimemchosha hadi mifupani. Ndiyo maana akanunua nyumba Isenga, kamji kadogo juu ya Igamba, hatua hamsini kutoka kanisa kuu la matofali lililowazidi umri wakazi wake wote. Mwuzaji alikuwa Mzee Timotheo, mwalimu mstaafu, aliyetia saini kwa mwandiko wake mzuri tarehe 6 Oktoba 2012. Novemba akapooza. Desemba wakamzika.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mrefu mwenye shuka begani.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Natafuta nyumba yangu."

Aliitwa Masumbuko, mfugaji kutoka Kamsamba. Aliuza ng'ombe ili watoto wasome karibu na nyumbani. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa hati ya mauzo ya nyumba ileile, ya tarehe 12 Agosti 2010, yenye muhuri wa mwenyekiti na dole gumba la mwuzaji. Shahidi alikuwa mtoto wa marehemu, Sadock.

"Nani alikuuzia, baba?"

Masumbuko alimtazama mkewe, Miriamu, kabla ya kujibu. "Niliambiwa nisijibu maswali. Mimi sisomi. Karatasi ndiyo itajibu."

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Hakuna. Wewe wa kwanza."

Getruda aliipiga picha kwa simu.

Luka, mtunza kanisa na jirani wa marehemu, alikuja mbio kumsaidia kuhifadhi vitanda kwenye stoo ya kanisa.

"Pole, dada Getruda. Lakini sheria inatazama hati ya zamani, utafanyaje? Marehemu naye mkono umekufa, anabonyeza dole gumba tu. Nani atajua alikuwa anabonyeza nini?"

Getruda aliitikia pole, mengine yakampita. Kichwa kilikuwa kimejaa.

Polisi walimwambia hiyo si jinai, aende baraza la ardhi. Mlinzi wa baraza alisema ofisi imefungwa. "Njoo Jumatatu." Jumatatu akaambiwa karani yuko likizo, njoo Alhamisi. Alitoka amevunjika moyo, akapanda bodaboda hadi kijiji cha Ruanda, hukohuko Mbozi, kumtafuta Sadock, maana kama kuna mtu aliyechukia nyumba ile kuuzwa, ni yeye.

Alimkuta akianika kahawa.

"Ni kweli nilichukia," Sadock alisema. "Miezi miwili sikuongea na baba. Lakini nyumba ilikuwa yake. Nionyeshe hiyo picha." Akaitazama, akatoa kadi yake ya kupigia kura. "Mimi ni Sadock, hivi. Hapa wameandika Sadoki. Nitakosea jina langu mwenyewe? Halafu, dole gumba? Agosti ile baba alikuwa anapanda baiskeli na kunisahihishia Kiswahili. Angeona ametukanwa."

Akabaki mwenyekiti, Lusubilo. Getruda alimkuta ofisini Jumanne saa mbili asubuhi.

"Muhuri ni wangu," Lusubilo alikiri. "Mwandiko siujui."

"Muhuri wako umefikaje huko?"

Mzee alikuna kidevu. "Msimu wa shamba nagonga karatasi tupu, naziacha kwenye droo. Mtu akitaka barua anaandikiwa."

"Na droo haina ufunguo?"

"Haina, mama."

Ina maana yeyote angeweza kuchukua. Getruda alikaa kwenye ngazi za kanisa, akaikuza ile picha na kuisoma kama alivyozoea kusoma makaratasi ya mzigo, neno kwa neno. *Mnunuzi: Masumbuko, mkazi wa Kamsamba, Wilaya ya Momba.* Akasoma tena. Mwaka jana tu ndipo Momba ilipokatwa kutoka Mbozi, na yeye mwenyewe alibadilisha anwani kwenye fomu zake zote. Mwaka 2010 nani alikuwa anaandika Wilaya ya Momba?

Hati ilikuwa changa. Kisha yale maneno ya Jumamosi yakamrudia, akasimama wima.

Alhamisi, saa kumi jioni, sajini wa polisi alikubali kuja, maana sasa ilikuwa kesi ya kughushi. Walikutana mbele ya nyumba, Sadock, Luka na familia ya Masumbuko wakiwepo. Getruda alionyesha neno Momba, kisha akageuka.

"Kaka Luka, Jumamosi uliniambia marehemu alibonyeza dole gumba. Hati hii ulikuwa umeiona?"

"Sijawahi kuiona."

"Baba Masumbuko hakuwa amemwonyesha mtu. Mimi sikukuambia. Hati yangu ina saini. Habari ya dole gumba uliitoa wapi?"

Luka alirudi hatua moja nyuma.

"Baba," Getruda alimwambia Masumbuko, "karatasi imeshajibu. Sasa jibu wewe."

"Ni huyu," Masumbuko alisema taratibu. "Alikuja Januari. Alisema ametumwa na familia, na nikimtaja nitafukuzwa."

"Miaka saba!" Luka alilipuka. "Nimemchotea maji, nimemfulia! Aliniahidi nyumba hii. Halafu anakuja mtu wa Tunduma anaichukua kwa asubuhi moja. Ningehamia mimi, wangeuliza. Nikaona bora niiuze, nipate changu."

Sadock alisema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia, Luka."

Sajini akamshika mkono. Kwenye Land Rover Luka hakugeuka nyuma.

Masumbuko alimkabidhi Getruda ufunguo bila kuombwa. Nyuma yake Miriamu alikuwa tayari anafunga nguo kwenye kanga, na watoto wanne wakitafuta viatu. Walikuwa hawana ng'ombe wala nyumba. Getruda aliushika ufunguo. Kwa siku sita alikuwa ameota namna atakavyofurahi, na sasa alitafuta furaha hiyo asiione.

Miriamu alikwenda jikoni kuipua sufuria ya maharage iliyokuwa inachemka.

"Iache, dada," Getruda alisema. "Hayajaiva."

"Tutayapika wapi tena, mama?"

"Hapo hapo. Na kesho pia. Vyumba viko vitano, mimi nitalala kimoja."