Macho ya Mama Yalikuwa na Moshi Tu

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Nimezaliwa Pito, hapa Sumbawanga, mtoto wa pekee wa mjane. Nimeokoka, na kwa kuwa nimeokoka sitawadanganya: aliyemfukuza mama yangu kwenye nyumba yake ni mimi. Sikushika fimbo. Nilishika simu.

Mama alinipa jina la mama yake mzazi, Skolastika. Ndiyo maana tangu nikiwa mchanga hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "mama". Mama, njoo ule. Mama, umefungia kuku? Sikujua kwamba neno lile lilikuwa paa juu ya kichwa changu.

Nilipookoka, mama, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, hakugomba. Alisema tu, "Mungu ni huyohuyo, mama. Ila msimpigie kelele sana, si kiziwi." Nilimhurumia kwa upofu wake... Upofu wake!

Mjini nikakutana na mhubiri kijana tuliyemwita Mtumishi. Alikuwa na kipindi mtandaoni cha kuchambua mambo ya dunia kwa jicho la Neno, nami nikawa msaidizi wake. Kila wiki tulimtafuta adui. Msanii wa Bongo Fleva kafunga kitambaa chekundu? Tulisema ni agano. Mcheza mpira kachora mkono? Chapa ya mnyama. Mvua ikichelewa tulijua ni dhambi ya nani, na ikizidi pia tulijua! Vita ikitokea katika nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani, sisi mstari wake tulikuwa nao tayari.

Nami nilipenda, jamani. Nilipenda mioyo myekundu inayopanda kwenye kioo cha simu kuliko nilivyopenda kupiga magoti.

Sasa sikilizeni. Kwetu Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha na udongo ungali laini, majani hufukiwa kwenye matuta yaoze, ili msimu unaofuata mbegu zipandwe juu yake. Ni kazi ya jembe na mgongo. Mjane haiwezi peke yake. Hivyo hupika pombe ya ulezi, majirani wakaja asubuhi na majembe yao, wakalima wakiimba, kisha wakanywa. Aliyeitikia leo, kesho naye ataitikiwa. Mama aliishi hivyo tangu baba afariki.

Mtumishi aliposikia, macho yalimwaka. "Dada Skola, wewe unahukumu wasanii wa mbali, na madhabahu iko jikoni kwenu?"

Nikaenda naye Pito asubuhi ileile ya kulima. Mama alikuwa jikoni akichochea moto, furaha imemjaa. Mtumishi akawasha simu, tukawa hewani moja kwa moja. Nikashika mtungi wa kwanza wa pombe, nikaumwaga uani. Kisha wa pili. Kisha wa tatu... Kuku wakaja kudonoa machicha. Mama hakupiga yowe. Alisimama mlangoni, mikono juu ya kichwa, akisema, "Mama, watu wanakuja. Mama, watu wanakuja sasa hivi."

Laiti ningeishia hapo!

Mtumishi akamsogezea simu usoni. Macho ya mama ni mekundu. Yamekuwa mekundu tangu nijitambue, kwa sababu ya moshi wa kuni. Moshi ule ndio uliopika uji wangu. Moshi ule ndio ulionisomesha. Mtumishi akaniuliza, watu wote wakisikia, "Dada, haya macho ni ya kawaida?"

Jibu lilikuwa neno moja. Moshi. Mtoto wa chekechea angelitamka!

Nikaangalia mioyo inavyopanda. Nikasema, "Mtumishi, si unaona mwenyewe?"

Majirani walipofika na majembe walikuta uani kuna tope la pombe na simu inayowamulika. Baba Deo, anayepakana nasi shamba, alitema mate pembeni. "Mama Skola, pole," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Umetuita walevi mbele ya dunia nzima, sivyo? Basi waite malaika wako walime. Majembe wanayo?" Wengine wakacheka kicheko kibaya, wakaondoka naye. Majani ya shamba letu yalibaki yamesimama.

Kufikia jioni video ilikuwa imezagaa mji mzima. Maoni niliyoyasoma sitayaandika yote. "Bibi mchawi huyo." "Macho hayo yamekula watu." Walioandika walikuwa wapendwa wenzangu, watu wa kusema "Bwana asifiwe"!

Vijana wa bodaboda wakaanza kupunguza mwendo mlangoni kwetu. "Bibi macho! Tutazame basi tufe!" Bombani wanawake wakawa wanachukua ndoo zao kabla hazijajaa. Kisha mtoto wa jirani akaumwa homa, na mama, aliyempokea mtoto yule siku anazaliwa, akaambiwa asikanyage pale. Siku ya tatu jiwe lilitua juu ya bati, mchana kweupe.

Nikamkimbilia Mtumishi. Nilimsihi aifute video, aseme ukweli. Alikuwa anakula chipsi. Hakuacha kula. "Dada, usirudi nyuma kama mke wa Lutu. Video ile imetufungulia milango." Nikamwambia ni moshi tu, Mtumishi! Akanitazama. "Siku ile mbona hukusema?"

Namchukia kwa mambo mengi mtu yule, Mungu anisamehe. Lakini kwa swali lile sina cha kumchukia.

Nilirekodi video yangu nikaeleza ukweli huku nalia. Nani aliitazama? Wachache, na mmoja akaandika kwamba nimeshalogwa. Nanyi mliosambaza ile ya kwanza, ya pili mliipitia tu! Mlitaka mchawi. Bibi mwenye moshi machoni mngemfanyia nini?

Mjomba alimchukua mama akampeleka kwake Mpui. Nilimfuata wiki iliyofuata, nikamkuta jikoni, kama kawaida yake. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. "Marahaba," akajibu. Nikaomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Moto ulikuwa unafifia, nikainama kuupuliza, moshi ukanijaa machoni, machozi yakanitoka.

Ndipo mama aliponisogeza kwa kiganja, taratibu, kama anavyosogezwa mgeni.

"Kaa mbali na moshi, dada," akasema. "Watakuona macho."

Dada. Mimi, Skolastika, niliyebeba jina la mama yake... dada!

Bado nimeokoka. Bado sinywi pombe, na bado naamini zipo nyimbo zinazooza roho za vijana wetu. Lakini Bwana wangu hakumtuma mtu kutafuta shetani kwenye uso wa mzazi wake. Ewe unayeshika simu leo kuihukumu dunia, nakusihi, usipite nilipopita mimi. Ukiulizwa jambo unalolijua, lijibu palepale, hata kama mioyo yote itashuka kwenye kioo.

Msimu huu nalima peke yangu shamba la Pito. Nimefukia matuta tisa. Baba Deo hupita njiani na jembe lake begani, hunitazama, na hupita.