Mwandiko wa Mtu Mwingine

Siku ya mnada pale Biharamulo watu walikuwa tele, vumbi limepanda hadi kwenye kope, na Zita alikuwa ameinama akichagua nyanya. Ghafla dume moja jekundu likachomoa gazeti kutoka kwenye kikapu chake na kuanza kulitafuna kwa utulivu kabisa.

"We! Gazeti langu!"

Mwenye ng'ombe akaja mbio. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati la kijani na suruali ya bugaluu iliyozoa mavumbi yote ya mnada. Akavuta gazeti, ikatoka nusu.

"Nisamehe, dada. Lilikuwa limeandikwa nini?"

"Nitajuaje? Aliyesoma ni ng'ombe wako."

"Basi amenizidi. Mimi hata *a* siijui."

Zita alitaka kukasirika akashindwa. Alikuwa Mhangaza wa Murukulazo, mwalimu wa darasa la ngumbaru katika kijiji kimoja cha ujamaa, mkali kwa kazi yake, na siku hiyo gauni lake la njano lilimkaa hadi wauza nyanya wakakosea kuhesabu. Kijana aliitwa Mihayo, Msukuma aliyefuata malisho pamoja na mjomba wake Malongo. Kumbe walikuwa wamehamishiwa kijiji kile kile cha Zita, ila ng'ambo ya mto.

"Njoo darasani saa kumi," Zita alimwambia. "Ng'ombe asikushinde."

Alikuja. Alikuja kila siku, mvua na jua, ndani ya ghala la pamba, amekunja magoti yake marefu kwenye benchi fupi. Kalamu aliishika kama mpini wa jembe. Herufi zake zilipanda mlima, na ile *y* ya jina lake aliichora na mkia uliojikunja kama wa mbuzi. Zita aliujua mwandiko ule kuliko alivyojua wake mwenyewe. Akaanza kumpenda, ila hakumwambia mtu.

Nusu ya gazeti iliyopona ilikuwa na ukurasa wa mashairi. Wanafunzi wake walipoweza kusoma, Zita aliwasomesha shairi moja la kifo. Mshororo mmoja ulisema: *Mwenye shoka na kalamu, wote njia yao moja.*

"Desturi ya gazeti," alieleza, "mtu akitunga, wenzake humjibu. Haya, kila mmoja ajibu."

Bibi Kankindi alijibu kwamba kifo kimsubiri avune karanga. Mihayo akasimama. "Mimi nakijibu hivi: kwa kuwa kuja utakuja, unikute nimeshaoa."

Ghala zima likacheka. "Na wewe mwalimu, wajibuje?" Mihayo akauliza.

Zita hakucheka. "Mimi kifo sitakitengea mtu wa kuchukua kwangu."

Alikuwa na sababu. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge, na mwaka ule wa mwisho ikaja barua: *mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu.* Ilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Kumbe mzee alikuwa ameshazikwa wiki tatu, na wenzake walikuwa wakificha, kama watu wanavyoficha msiba wa mbali: kwanza huandika ni mzima, kisha anaumwa kidogo, mpaka ndugu wazoee. Mama yake, Bonifasia, alinyolewa nywele siku moja na hakuwahi tena kucheka kwa sauti. Zita akaapa kwamba ujane hautamjua.

Mihayo hakujua kiapo hicho. Alipeleka kibuyu cha maziwa kwa mama kila asubuhi. "Shikamoo mama, mwalimu ameamka?" "Marahaba baba, ameamka, ila moyo wake bado umelala."

Novemba 1978 mgambo wakaitwa. Adui alikuwa ameingia Kagera. Malori yalijipanga mbele ya ofisi ya kijiji, akina mama wanalia, na Mihayo katikati ya fujo zote akamshika Zita kiganja.

"Nipe jibu niende nalo."

"Rudi kwanza."

"Na nisiporudi?"

"Basi utakuwa hujaacha mjane."

Maneno gani hayo ya kumpa mtu anayepanda lori! Yeye mwenyewe aliyajutia kabla vumbi halijatulia.

Desemba ilifika barua, herufi zikipanda mlima: *Zita ni mimi. Mvua nyingi. Nakupenda. Mihayo.* Aliisoma mpaka karatasi ikalegea.

Machi ikafika nyingine. Mistari ilinyooka, mwandiko mzuri wa kulala. *Mpenzi Zita, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako.* Zita alikaa chini palepale. Aprili ikaja ya tatu, Mei ya nne, zote kwa mkono ule laini. Hakuzijibu. Nani hujibu barua za maiti? Hakuwa hata na wa kumuuliza, maana Malongo alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda malisho ya mbali.

Mgambo wa kijiji walirudi wakiimba. Mihayo hakuwemo, wala hakuna aliyemwona tangu Machi. Baada ya wiki moja Zita alichukua wembe.

"Unanyoa nini, mwanangu? Wewe huna msiba," mama alisema.

"Ninao, mama."

Siku ya nne, saa za kuanika mtama, hodi ilipigwa uani. Mama aliangusha ungo akapiga yowe. Zita akatoka na kaniki yake nyeusi, kichwa kinang'aa, akamkuta Mihayo amesimama, amekonda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Sikuja kukusumbua," Mihayo alisema akiangalia chini. "Barua tatu hukujibu, nimeelewa. Napita tu kumtafuta mjomba, halafu—" Akainua macho. "Zita! Umefiwa na nani?"

"Na wewe!"

Akamrukia, akampiga bega, akamshika uso, akampiga tena. "Nani alikuwa akiandika? Nani?"

"Muuguzi, hospitali Mwanza. Vidole vitatu vimekwenda." Sauti yake ikashuka. "Niliona aibu kukwambia. Mwaka mzima ulinifundisha mkono huu."

Mwanamume na aibu zake! Angeandika neno moja tu, watu wasingenyolewa.

"Kwetu," Mihayo alisema polepole, "mwanamume akifa, anayemnyolea nywele ni mke wake."

"Na kwetu pia." Zita alikuwa akilia waziwazi, bila kujifuta. "Niliukimbia ujane, Mihayo, nikaupata hivyo hivyo, bila kula nawe hata siku moja. Nimelia kama mke, na sina hata siku moja ya kukumbuka."

"Basi nikuoe sasa. Hata kalamu nitaishika kwa kushoto."

"Nioe."

Mama Bonifasia alikuwa amekaa juu ya mtama uliomwagika, anafuta macho kwa upindo wa kitenge. "Haya, wanangu. Lakini ngojeni kidogo nywele ziote. Bibi harusi mwenye kipara, watu watasema nini?"

"Hatungoji, mama," Zita alijibu. "Zitaotea kwake."

Na mama akacheka kwa sauti.