Ndama Aliyeitwa Mgeni

Mimi ni fundi seremala. Ninatengeneza vitanda, meza, viti na milango. Mtaani kwetu karibu kila mtu analala juu ya kazi ya mikono yangu, na hakuna aliyewahi kuanguka. Nasema haya mapema, kwa sababu mbele kidogo mtanicheka, na mtakuwa na haki.

Mbele ni karakana yangu. Nyuma yake kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna banda la ng'ombe. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu. Tulimwita Bibi. Mama mkwe alimpa mke wangu ng'ombe huyo akiwa bado mtamba, yaani jike changa ambalo halijazaa.

"Huyu usimuuze," alimwambia. "Huyu ni mimi."

Miaka miwili baadaye mama mkwe akafariki. Tangu hapo mke wangu alikuwa akimkamua Bibi huku anaongea naye. Alimpa habari za nyumbani, za binti yetu aliyeolewa mbali, na za kwangu pia. Nikipita karibu, sauti inashuka. Basi nikajua nasengenywa kwa ng'ombe.

Bibi alizaa madume kadhaa na majike mawili. Majike yote mawili yalikufa. La kwanza liliharisha, likafa siku ya kumi na tisa. La pili lilikohoa, likafa wiki ya tano. Mke wangu aliyalia yote. Na sasa Bibi alikuwa amezeeka. Alikuwa na mimba, na kila aliyemwona alisema hiyo ni ya mwisho.

"Bibi akiondoka bila kuacha jike," mke wangu aliniambia, "mama yangu atakuwa amekufa mara mbili."

 Nilichukua randa nikarudi kwenye mbao zangu.

Bibi alizaa asubuhi moja, saa kumi na mbili. Alizaa jike. Saa tatu mimi nilikuwa karakana, na mteja akapiga hodi. Alikuwa msichana wa mifugo, yule afisa anayezunguka kuwaangalia ng'ombe wa watu. Sisi tulimwita Mabuti, kwa sababu hata kwenye harusi alionekana na mabuti yake ya mpira. Alikuwa ameshika kiti cha ofisi kilichovunjika mguu.

"Shikamoo, fundi. Kiti kimeniangusha mbele ya watu."

"Marahaba. Hicho hakikutengenezwa na mimi," nikasema. "Kiweke hapo. Leo nina furaha, nitakutengenezea haraka. Ng'ombe wetu amezaa jike."

"Hongereni. Amezaa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na ndama ameshanyonya?"

"Bado. Tunasubiri kondo la nyuma litoke kwanza."

 Alikiacha kiti chini akaanza kutembea kuelekea nyuma ya nyumba. Alikuwa anatembea mbio mbio, na mimi nikamfuata na gundi mkononi.

Tulimkuta mke wangu ameketi kwenye kigoda. Ndoo safi ilikuwa mapajani. Ndama alikuwa amelala kwenye tope, masikio yamelegea.

"Mama, habari za asubuhi. Huyu mtoto apewe maziwa sasa hivi," Mabuti alisema.

"Kondo halijatoka, mwanangu."

"Kondo na maziwa ni mambo mawili, mama. Kondo litatoka kwa wakati wake, leo leo. Likikawia hadi kesho niite. Lakini mtoto hawezi kungoja."

Mke wangu alitikisa kichwa. "Mama yangu alifuga miaka arobaini. Alinifundisha, usimkamue ng'ombe kabla ya kondo. Maziwa hayo ni mazito, ni ya njano, yanaharisha ndama. Ya kwanza unamwaga."

Mabuti alichuchumaa mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Mama, sikia. Huyu ndama amekuja duniani bila kinga yoyote dhidi ya magonjwa. Hakuipata tumboni. Kinga yake yote imo kwenye maziwa hayo ya njano. Yanaitwa dang'a. Na tumbo lake lina mlango. Leo mlango uko wazi, kinga inapita. Kila saa unajifunga kidogo. Kesho muda kama huu utakuwa umefungwa, hata ukimpa pipa zima haitaingia."

 Bibi alikuwa anamlamba mtoto wake.

"Wale wawili," mke wangu aliuliza polepole, "walikosa hayo maziwa?"

"Walikunywa saa ngapi?"

"Siku ya pili. Mengine nilimwaga mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu hii."

 Nilitamani nimwondoe pale. Mabuti alimshika goti.

"Mama, hukujua. Na mama yako alifanya kama alivyofundishwa. Hebu niambie kitu kimoja. Yeye angepata mtu wa kumwambia haya, angeendelea kusubiri kondo?"

Mke wangu alifuta macho. Kisha akacheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani. "Mama? Asingengoja hata umalize kusema."

Akasogeza kigoda, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akaanza kukamua.

Maziwa yalikuwa mazito kweli, ya njano kama kiini cha yai. Mabuti alitoa chupa yenye chuchu kwenye mkoba wake. Ndama mwanzoni alikuwa hataki. Mke wangu alimtia kidole mdomoni, akamfundisha kunyonya, kisha akamwekea chuchu. Akavuta. Akavuta tena. Mkia ukaanza kucheza. Alimaliza lita mbili nzima.

"Saa nane mpe lita mbili nyingine," Mabuti alisema. Kisha akachovya kitovu cha ndama kwenye dawa ya kahawia, ile inayochafua vidole. "Kitovu ni mlango mwingine. Huu tunaufunga sisi."

Kabla ya adhuhuri kondo lilikuwa limetoka lenyewe. Mke wangu aliliangalia muda mrefu, halafu akalifukia.

Sasa ndipo zamu yangu ya kuchekwa ilipofika. Mabuti aliangalia chini, akaangalia mabuti yake yaliyozama kwenye tope na mkojo.

"Fundi, vitanda vya mtaa mzima umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na huyu analala wapi?"

Mke wangu alinitazama. Bibi pia, nadhani. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilikuwa seremala ambaye mtoto wake analala kwenye tope. Niliona aibu. Wale wawili walikufa hapo hapo, na mbao zilikuwa hatua ishirini kutoka kwao.

Jioni ile ile ndama alikuwa na chumba chake. Nilikiinua kutoka chini kama urefu wa goti. Sakafu niliipiga kwa mbao nyembamba, na kati ya ubao na ubao niliacha nafasi ya upana wa kidole, ili mkojo upite lakini mguu usinase. Upande wa upepo niliziba. Juu ya mbao tuliweka nyasi kavu.

"Piga magoti humo ndani," Mabuti aliniambia. "Magoti yakilowa, badilisha nyasi."

Kila asubuhi nilipiga magoti. Majirani walidhani nimeokoka.

Mke wangu alikataa kumpa ndama jina. "Nimewapa wawili majina, nikawazika nayo," alisema. "Huyu ni mgeni tu. Tutaona kama atakaa." Basi tukamwita Mgeni.

Mgeni alikuwa mlaji. Zamani ndama tulimpa maziwa yaliyobaki, lita moja hivi, tena tumeongeza maji. Mabuti alikataa katakata. Alisema Mgeni apate lita sita kwa siku, tatu asubuhi na tatu jioni, maziwa yakiwa na joto la mwili, kwenye ndoo iliyosuguliwa.

"Lita sita?" niliuliza. "Bibi anatoa nane, na mbili zina mteja. Sisi tutakunywa nini?"

"Chai bila maziwa, fundi. Haijamuua mtu. Ndama anayeshinda njaa sasa anadumaa. Atakuwa mtamba mdogo, atachelewa kuzaa, na maziwa yake yatakuwa haba maisha yake yote. Unachomnyima leo, atakunyima kesho."

Nilikunywa chai bila maziwa miezi miwili. Nilinung'unika kila kikombe, lakini nilikunywa.

Tangu wiki ya kwanza tulimwekea pia maji safi, maana maziwa si maji. Tulimwekea konzi moja ya chakula cha ndama, kile kikavu cha kusagwa. Mwanzoni alikipulizia tu, kikamjaa puani. Mke wangu alimpaka kidogo mdomoni, akaonja, akaelewa.

Siku ya kumi na tisa Mgeni aliamka anaharisha.

Nilimkuta mke wangu amekaa ndani ya kile chumba kidogo, juu ya nyasi, kichwa cha ndama mapajani mwake. Alikuwa hajafunga hata kilemba.

"Siku ile ile," aliniambia. "Fundi, ni siku ile ile. Tumwachishe maziwa. Maziwa ndiyo yanamharisha."

Naye alikuwa ananing'ang'ania mkono. Nilimpigia simu Mabuti.

"Msimnyime maziwa," alisema. "Mkimnyima, mnamuua kwa njaa juu ya ugonjwa. Mpeni maziwa kama kawaida. Kati ya mlo na mlo mpeni maji yenye dawa ya kurudisha maji mwilini. Nakuja nayo. Badilisheni nyasi zote. Anasimama?"

"Anasimama."

"Masikio?"

Nilimtazama Mgeni. Sikio moja lilikuwa linafukuza nzi. "Yanacheza."

"Basi mwambie mama, huyu si kama wale. Huyu ana kinga."

Nilimwambia. Alilia, kisha akaenda kuosha ndoo. Siku mbili nzima hakuondoka pale. Siku ya tatu, mchana, kinyesi kilikaza. Mgeni akampiga mke wangu kichwa tumboni akidai maziwa yake.

"Mgeni siku mbili," nikamtania mke wangu. "Ya tatu mpe jembe."

"Nyamaza wewe," alisema. Lakini alikuwa anatabasamu.

Mabuti alipokuja kumwangalia, alinyoosha mkono. "Fundi, nipe futi yako."

Nilimpa. Ilikuwa mfukoni, kama siku zote.

"Unapima mbao kutwa nzima. Huyu umeshampima?"

Sikuwa nimempima. Futi ya chuma haizunguki kifua cha ndama, kwa hiyo tulizungusha kamba, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha kamba tukailaza kwenye futi. Mabuti alifungua daftari lake. Siku aliyozaliwa alikuwa amempima kwa kamba ya mkoba wake: sentimita sabini na mbili.

"Kifua kinasema uzito," alieleza. "Pimeni kila mwezi. Kipimo kisipopanda, mjue chakula kimepungua au kuna ugonjwa."

Mke wangu alikwenda jikoni, akaja na penseli yangu iliyopotea tangu mwaka juzi. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna mistari ya kimo cha binti yetu, tangu aliposimama dede hadi alipoolewa. Mke wangu alisimama mbele ya nguzo ya banda. Akanituma nipime kutoka chini sentimita sabini na mbili, naye akachora mstari.

Tangu siku hiyo tulichora kila mwezi. Wiki ya tano ilipita bila kikohozi. Wiki ya kumi Mgeni alikuwa anamaliza kilo nzima ya chakula kikavu kwa siku, siku tatu mfululizo, basi tukamwachisha maziwa polepole. Mistari ilipanda nguzo.

Alipofika mwaka mmoja niliingiwa na haraka. "Ameshakuwa mkubwa. Apandishwe."

"Kamba inasemaje?" mke wangu aliuliza. Siku hizi alikuwa anasema kama Mabuti.

Kamba ilisema mia moja na arobaini. Mabuti alitaka mia hamsini na tano kwa ng'ombe wa aina yake. "Mtamba hapandishwi kwa umri, hupandishwa kwa mwili. Mdogo akibeba mimba, kuzaa kutamtesa." Tulingoja. Alifika akiwa na miezi kumi na sita, na Mabuti akaja kumpandisha kwa sindano, yaani kwa mbegu zilizohifadhiwa, bila dume. Majike aliyofuga mama mkwe zamani, mke wangu alikumbuka, yalikuwa yanazaa yakiwa na miaka minne.

Mgeni alizaa asubuhi, ana miaka miwili na mwezi mmoja. Nilisikia mke wangu akiniita. Nilipofika, tayari alikuwa kwenye kigoda. Kondo lilikuwa halijatoka, naye hakuliuliza. Maziwa ya njano yalikuwa yanagonga ndoo. Ndama mchanga alikuwa juu ya nyasi kavu, na kitovu kimeshachovywa dawa.

"Ni nini?" niliuliza.

"Jike."

Bibi alikuwa bado hai. Alisimama upande wake wa banda, anacheua, anatazama. Sasa alikuwa hakamuliwi tena. Alikuwa anakula tu, na ilikuwa haki yake. Wiki chache baadaye Mgeni alikuwa anatoa lita kumi na nne kwa siku, kitu ambacho Bibi hakuwahi kukifanya hata enzi zake, na mimi nikarudi kwenye chai ya maziwa. Lakini asubuhi ile hatukuwaza maziwa ya chai.

Ndama aliposhiba, nilizungusha kamba. Sabini na sita. Mke wangu alichukua penseli, akachora mstari kwenye nguzo, kando ya ule wa kwanza wa Mgeni. Ulikuwa juu zaidi kwa upana wa vidole viwili. Akaugusa.

"Huyu naye tutamwitaje?" nilimwuliza polepole. "Au tusubiri tuone?"

"Hatusubiri," alisema. Akaandika jina la marehemu mama yake pale pale kwenye nguzo, kando ya mstari, kwa herufi kubwa. Kisha akarudi kwenye kigoda, akaegemeza shavu kwenye ubavu wa Mgeni, akaanza kumpa habari za nyumbani. Nilikaa karibu, na safari hii hakushusha sauti.