Mpaka Udongo Uishe

Kila Jumamosi asubuhi Queen alikuwa na kazi zake: kufuta vumbi sebuleni, kumwagilia mimea ya mama dirishani, kisha kukunja nguo zilizotoka kwenye mashine za chini ya jengo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa kukunja soksi. Siku hiyo alikuwa akitafuta soksi ya baba iliyopotelewa na mwenzake, mara mlango ukagongwa na sauti nzito ikaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Queen alishangaa. Katika jengo lao la Silver Spring, huku Marekani, watu hubonyeza kengele, au hupiga simu wakiwa bado njiani. Hakuna anayepiga hodi.

Alipofungua, alimwona mzee mmoja mrefu, amevaa suti ya kahawia na kushika kofia mkononi. Hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Shikamoo," Queen alisema. Maswali mengi ya wakubwa aliyajibu kwa Kiingereza, lakini salamu hiyo mama alikuwa ameisimamia tangu utotoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni Mzee Tobias, natoka Bladensburg. Baba yupo?"

"Yuko kazini. Mama yupo, anaoga."

"Basi nitamsubiri baba," mzee alisema, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu asiyetaka kulichafua.

Queen alimletea chai, akaikataa. Akamletea maji, akaishika glasi bila kunywa. Mama akatokea akiimba kwa sauti ya chini, taulo kichwani, na alipomwona mgeni uso wake ukachangamka.

"Karibu mzee wangu! Queen, adabu gani hiyo? Mgeni hana hata kikombe mbele yake?"

"Nimempa chai, ameikataa."

Mama akamtazama mzee, kisha akaitazama kofia iliyolala magotini pake.

"Mzee, nani amekutuma?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Nimepigiwa simu na watu wa nyumbani, Kamachumu."

"Sikai. Sema."

"Mama yenu amepumzika alfajiri ya leo."

Mama alilivuta taulo kutoka kichwani, akalisukumiza mdomoni ili majirani wasisikie, akaanguka magoti kwenye zulia katikati ya zile nguo. Queen alibaki amesimama na soksi mkononi. Bibi huyo alikuwa amemwona mara moja tu, lakini sauti yake aliijua vizuri. Kila Jumapili ilitoka kwenye simu ikiuliza kama amekula na amesali.

Baba alipofika, mama alikuwa amekwisha kulia mpaka sauti imekauka. Neno la kwanza alilolitamka lilikuwa hili:

"Hono asijue."

Baba akakubali kwa kichwa. "Mtihani wake ni Alhamisi. Aumalize kwanza."

"Na wewe, Queen," mama akasema. "Mamdogo akipiga simu, bibi anaendelea vizuri. Umesikia?"

Queen alikubali kwa kichwa, kama baba.

Mamdogo Honorata alikuwa mdogo wake mama. Alisoma uhandisi wa maji kwenye chuo kikuu cha College Park, na huu ulikuwa muhula wake wa mwisho. Alipofika Marekani kutoka Kamachumu, Tanzania, Queen alikuwa mtoto mdogo, lakini alikumbuka jinsi mamdogo alivyokuwa akiongea huku anatazama chini. Dukani akipewa bidhaa asiyoitaka, aliilipia na kuondoka nayo kimya. Darasani, kama alivyosimulia mwenyewe, alikaa mwezi mzima bila kuelewa somo kwa sababu aliona haya kuuliza.

Chuo kilimbadilisha polepole, kama maji yanavyolainisha jiwe. Siku moja alimchukua Queen mpaka kando ya mto, kule Bladensburg, kuchota maji ya kupima. Alivaa viatu vya mpira na kuwaelekeza wenzake kwa sauti iliyosikika ng'ambo. Kipimo cha chupa moja kilionyesha uchafu mwingi, na Queen akasema, "Achana na hiyo, mamdogo. Chota nyingine."

Honorata alicheka. "Wewe mjanja! Nikiandika kwamba maji ni safi, kesho mtoto atayaoga. Jibu baya unaliandika kama lilivyo. Sikiliza, Queen: akili nilikuja nayo kutoka Kamachumu. Chuo kimenifundisha kutoliogopa jibu baya."

Bibi alipoanza kuugua baada ya Pasaka, Honorata alimvuta Queen jikoni na kumnong'oneza, "Wakubwa wataniambia anaendelea vizuri hata kama haendelei. Wewe uniambie kweli. Niahidi." Na Queen alimwahidi.

Sasa ikawa Jumapili. Kwa kawaida mamdogo angekuja kula na kufua nguo, lakini mama alimpigia simu asije, eti nyumba nzima ina mafua. Alifikia hata kucheka kwenye simu, huku machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Queen hakuwahi kuona kicheko cha namna ile, na hakutamani kukiona tena.

Jioni simu ya Queen mwenyewe ikalia.

"Queen, mafua yanaendeleaje?" mamdogo aliuliza. "Hebu niambie, mbona simu ya bibi haipatikani tangu jana? Yuko salama?"

Mama alikuwa mlangoni, amejishika kifua.

"Anaendelea vizuri," Queen alisema.

"Haya. Wewe ndiye uliyesema, basi nimeamini," Honorata akajibu. "Ngoja nirudi kwenye vitabu."

Usiku ule Queen hakulala vizuri. Angekemewa na mamdogo asingeumia vile alivyoumizwa na kuaminiwa.

Kesho yake shuleni wanafunzi wote walizungumzia safari. Jumatano asubuhi darasa lao lingepanda basi kwenda kukaa kambini msituni mpaka Ijumaa. Walikuwa wameisubiri tangu mwaka ulipoanza.

"Nitakuwekea kitanda cha juu," alisema Wamaitha, rafiki yake ambaye wazazi wake walitoka Nyeri. "Halafu mbona uso umekunjamana hivyo? Ama unaogopa dubu?"

Queen akamweleza yote. Wamaitha aliacha kutafuna.

"Aki Queen, mwambieni. Kaka yangu walimficha hivyo hivyo shosho, bibi yetu, alipokufa, ati asome kwanza. Akaamka asubuhi, akakuta watu wanamwandikia pole kwenye simu. Watu hata asiowajua vizuri! Mpaka wa leo baba akiongea, yeye anatoka chumbani."

Maneno hayo yalimfuata Queen mpaka nyumbani. Alimkuta mama jikoni, amevaa sare ya kazi yake ya kuwatunza wazee, anakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyehitaji.

"Mama, nimemdanganya mamdogo. Nilimwahidi nitamwambia kweli, nikamdanganya."

"Nimekuambia hayo ni ya wakubwa."

"Lakini bibi anazikwa Jumatano. Mamdogo atasikia kwa watu. Atajua kwamba nilijua."

Mama akapiga kisu mezani. "Unajua mtihani ni nini, wewe? Unajua? Baba yangu alikufa wiki ya mtihani wangu wa kidato cha nne. Nikaenda kumzika. Niliporudi shule imefungwa, mtihani umekwisha, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Sikusoma tena. Nilitaka kuwa mwalimu, Queen! Sasa mdogo wangu amebakiza mtihani mmoja, na wewe unataka nimwangushe kwa mikono yangu?"

Queen hakuwahi kulisikia jambo hilo. Alimtazama mama yake, mikono imeiva kwa sabuni za watu wengine, akatamani kunyamaza. Lakini akasema, kwa Kiswahili, polepole, ili kila neno liwe sawa:

"Mama, ungekuwa umefichwa, ungefanya mtihani. Halafu ungewasamehe?"

Mama akavua sare na kujifunga kanga.

"Kamwite baba yako alete gari," alisema.

Honorata alifungua mlango wa chumba chake cha chuoni, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliwaona wote watatu wamesimama pamoja, na mama ana kanga kiunoni siku ya Jumatatu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Lini?" aliuliza.

"Jumamosi, mdogo wangu."

Mamdogo akatikisa kichwa kana kwamba anahesabu. Macho yake yakamtafuta Queen. "Jana nilikuuliza."

"Nilikudanganya, mamdogo."

Honorata akakaa kitandani juu ya karatasi zake. Kisha kilio kikamtoka, kile kilio cha Kamachumu ambacho kuta za nyumba ya wanafunzi hazikuwahi kukisikia, na dada yake akamkumbatia wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba ufike. Queen hakukumbatiwa. Alisimama karibu na mlango, akijua kwamba ukweli wake umefika umechelewa.

Kwenda kuzika hakukuwezekana. Vibali vya Honorata vilikuwa bado vinashughulikiwa, na angetoka nchini asingeruhusiwa kurudi. Walimchukua mpaka nyumbani. Njiani, ndani ya gari, ndipo alipoutafuta mkono wa Queen gizani.

"Umeniumiza," alisema. "Lakini najua mama amekuja kwa sababu yako. Jumatano wataturushia mazishi kwa simu. Sitaweza kuangalia peke yangu. Utanishika mkono mpaka mwisho? Mpaka udongo uishe?"

"Nitakushika. Naahidi," Queen alijibu. Hakukumbuka kambi mpaka alipokuwa kitandani.

Jumanne asubuhi Honorata alimwandikia profesa wake. Aliandika wazi: mama yangu amefariki, siwezi kufanya mtihani Alhamisi, naomba siku nyingine. Jibu lilikuja kabla ya saa ya chakula cha mchana. Profesa alimpa pole, akamwambia aomboleze kwanza; mtihani angeufanya baadaye.

Mama aliomba asomewe ujumbe ule mara ya pili. "Yaani wanaweza kungoja?" aliuliza. "Ukiomba tu, wanangoja?"

"Si kila mara, dada. Lakini unaomba. Hata mimi zamani nisingethubutu. Ningekaa kimya nikafeli."

Mama akageukia dirisha. Mabega yake yalitikisika, na Queen alijua kwamba sasa halilii kifo cha bibi peke yake. Analilia pia binti wa kidato cha nne ambaye hakuna aliyemwambia kuwa anaweza kuomba.

Jioni mama alimwita Queen wakae pamoja.

"Nilidhani namkinga mdogo wangu na mvua," alisema. "Kumbe nilikuwa nimemfungia nje. Mtu ana haki ya kulia msiba wake, mwanangu. Ukimficha habari mbaya huwi umemwondolea uchungu. Umemwondolea tu watu wa kuubeba naye. Nilikufundisha kudanganya, nami ni mama yako. Nisamehe. Na ukipata nafasi ya kusoma mpaka chuo, kasome upate kazi, lakini kasome pia uwe na moyo wa kuuliza na wa kusikia jibu. Mimi nimeuona leo kwa Hono."

"Na kambi, mama?"

"Mazishi yataanza mapema. Baba atakupeleka yakiisha. Huenda ukaliwahi basi."

Lakini msiba hauna saa. Asubuhi ya Jumatano simu ilisimamishwa mezani, ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Kule Kamachumu mvua ilikuwa inanyesha juu ya migomba. Padri alichelewa kwa sababu ya barabara. Kwaya iliimba, ikaimba tena. Picha ilikwama, ikarudi, ikakwama. Mzee Tobias alikuwa amekuja na wenzake wachache kutoka Bladensburg, na safari hii alikunywa chai.

Jeneza lilikuwa ndio kwanza linateremshwa baba aliposimama mlangoni na funguo mkononi.

"Queen, mabegi yako yako garini. Tukitoka sasa hivi tutaliwahi. Tukikawia, basi."

Queen alilifikiria basi, na vicheko ndani yake, na kitanda cha juu alichowekewa na Wamaitha. Honorata alikuwa amemshika kwa nguvu tangu mwanzo. Sasa akalegeza vidole kimoja kimoja.

"Nenda, mwanangu," alisema bila kuondoa macho kwenye simu. "Umekaa vya kutosha."

Kwenye kioo wanaume wawili walikuwa wameshika sepetu kando ya shimo. Rundo la udongo mwekundu, uliolowa, lilikuwa bado zima.

"Bado, mamdogo," Queen alisema, akavirudisha vile vidole ndani ya mkono wake. "Udongo haujaisha."

Baba aliwatazama, akaweka funguo juu ya meza taratibu zisilie, akavuta kiti akakaa. Sepetu ya kwanza ikaingia kwenye rundo.