Umande wa Shimo la Saba

Likizo ile nilikuwa na kazi moja kila asubuhi: kupangusa umande. Baba alikuwa msimamizi wa nyasi kwenye uwanja wa gofu, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ghala la mashine. Nilichukua mwanzi mrefu, nikaupitisha juu ya nyasi fupi zinazozunguka mashimo, kulia na kushoto, mpaka matone yote yadondoke. "Kuvu huota kwenye jani lililolowa muda mrefu," Baba alinieleza. "Likikauka mapema, kuvu haipati nafasi."

Mwanzi huo alinitengenezea fundi wa pampu, ambaye wote tulimwita Babu Koki ingawa hakuwa na mvi hata moja. Aliukata kulingana na kimo changu, akausugua kwa msasa usinichome viganja. "Shikamoo, mkurugenzi wa umande!" alinitania kila tulipopishana, nami nilicheka hadi mbavu ziniume.

Nilipewa mashimo mawili, la sita na la saba. La saba lilikuwa bondeni, penye baridi, na kando yake palikuwa na kichaka kilichojaa mipira iliyopotea. Asubuhi moja niliingia kichakani kutafuta mipira, nikauacha umande kama ulivyo. Nilijiambia ni siku hiyo tu. Kumbe zikawa siku nane, na kila Baba alipouliza nilijibu bila kupepesa macho, "Tayari, Baba." Siku moja niliona utando mweupe juu ya nyasi, nikadhani ni wa buibui, nikapita zangu.

Kisha madoa yakatokea. Yalikuwa madogo, ya mviringo, rangi ya majani makavu, na yalienea shimo la saba lote. Meneja alisimama mikono kiunoni.

"Nani anamwagilia jioni?" alifoka. "Nyasi hizi zinalala na maji!"

"Mimi hufungua maji alfajiri tu, bosi," alijibu Babu Koki.

"Au umande haupanguswi?"

Baba alinigeukia. Kabla sijafungua mdomo, Babu Koki akasema, "Mtoto huyu msimwingize. Kila siku namwona akishuka na mwanzi wake. Namwamini."

Nikainamisha kichwa. Meneja akamwambia Babu Koki arudishe funguo za pampu kesho yake asubuhi, atafutwe mtu mwingine.

 Jioni niliutazama mwanzi ukutani, nikaona haya hata kuugusa.

Asubuhi nilimkuta Babu Koki mlangoni pa chumba cha pampu, akizifuta funguo kwa kitambaa. Baba na meneja walikuwa wamesimama naye.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mkurugenzi," alisema, akijitahidi kutabasamu.

Hapo nikaangua kilio. "Si yeye! Ni mimi. Sikupangusa siku nane. Nilikuwa kichakani natafuta mipira."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baba alitazama chini, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Meneja alimwomba Babu Koki radhi. Babu Koki akatia funguo mfukoni, akaingia ndani bila kunitazama.

Baba alipulizia dawa, akapunguza matawi ya kichaka ili upepo na jua viingie bondeni. Mimi nilipangusa umande kila siku, na nilisafisha viatu kabla ya kwenda shimo jingine nisibebe kuvu. Kila asubuhi Babu Koki alishuka, akapitisha kiganja juu ya nyasi kuhakikisha zimekauka. Zamani hakuwa akinikagua. Uso uliniwaka kila alipoinama.

"Baba, ataacha lini?" niliuliza.

"Sijui," alisema Baba. "Kazi yako ilikuwa ya dakika kumi, mwanangu. Ulipoiacha, nyasi ziliugua. Ulipodanganya, mtu aliyekutetea nusura akose kazi. Nyasi zina dawa. Imani ya watu utairudisha mwenyewe, kwa kufanya kazi vizuri hata pale usipoonekana."

Wiki ya mwisho ya likizo madoa yalikuwa yamefunikwa na majani mapya. Nilikuwa namalizia upande wa chini Babu Koki alipotokea juu ya mteremko. Niliweka mwanzi chini, nikasogea pembeni apate kukagua.

Hakushuka. "Shikamoo, mkurugenzi wa umande!" aliita kutoka kule juu, kisha akaendelea na safari yake.